Picha Zilizogeukia Ukutani

Habari ya kufa kwa Bi Thuraya ilinifikia kwenye simu asubuhi, katika kundi la wanawake tuliowahi kufanya kazi wizarani, katikati ya salamu za Ijumaa na picha za maua. Nilisoma Inna lillahi, nikasoma jina, nikaenda jikoni kuzima jiko maana nilijua ile chai sitainywa. Alikuwa mtu mzima sana, kaugua muda mrefu, na kila aliyeniandikia aliniambia tushukuru, kapumzika. Mimi sikutaka apumzike. Nilitaka awepo palepale Mabela kwa mdogo wake, kakaa kitandani na miwani mbili, moja usoni na nyingine kaisahau kichwani, ananisahihisha Kifaransa changu mbele za watu. Niliishi naye mwaka mmoja tu. Nina watoto na wajukuu, na nimemaliza utumishi wangu nikiwa mfasiri, lakini nikiulizwa nani aliyenifungua macho, namtaja yeye na ule mwaka, na watu wa nyumbani kwangu wanakunja uso maana wanajua kitakachofuata ni hadithi ndefu.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimepata kazi ya kupiga taipu wizarani, Al Khuwair, Maskati, na kwetu kulikuwa mbali mno kwa kwenda na kurudi. Msichana hakai peke yake. Hilo halikuwa na mjadala. Ikatafutwa nyumba ya mtu mzima mwenye heshima zake, akapatikana Bi Thuraya, mjane, mfasiri wa Kifaransa wa wizara hiyohiyo, aliyepewa fleti ya serikali nyuma ya barabara kuu. Wote walimwita Bi Thuraya wa Bujumbura. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa na tabia hiyo, kumtaja mtu kwa alikotoka na kumcheka hapohapo. Watu wa Bujumbura walikuwa Waomani kama sisi, ila wazee wao hawakubakia pwani. Walikwenda mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watoto wao wakasomeshwa na Wabelgiji, na Kiswahili chao kikawa na njia zake. Siku ya kwanza nilipopanda ngazi na sanduku langu, nilimsikia ndani akimwambia jirani aliyemtembelea, "Iko mtoto mlangoni, mufungulie." Nilitabasamu peke yangu pale kizingitini, na alipokuja kufungua mwenyewe akaliona tabasamu. "Cheka tu," akaniambia. "Hata mimi mukisema 'nnakuja' ninacheka. Ingia, chakula iko moto."

Chakula chenyewe kilikuwa sombe, majani ya muhogo aliyoletewa makavu na wasafiri, kwa wali na vidagaa vya ziwani ambavyo yeye aliviita ndagala na kuvificha juu ya kabati kama dhahabu. Nilikula nikitazama kuta. Ukuta wa kibla ulikuwa na Ayatul Kursi kama nyumba zote. Lakini ukuta wa pili, juu ya sofa la kahawia, mahali ambapo watu huweka saa au mandhari ya maporomoko ya maji, zilijipanga picha nyeusi na nyeupe za wanaume wenye matumbo, makoti marefu, mapanga na kofia za manyoya. Vichwa vyao vilikuwa vikubwa kuliko miili. Mmoja alikuwa kapanda farasi, na yule farasi ndiye aliyeonekana kuwa na mawazo. Mgeni mwenye adabu hamuulizi mwenyeji kuhusu kuta zake, basi nikaendelea kula. Adhana ya magharibi ilipolia, Bi Thuraya aliinuka, akaenda kwenye sofa, akazigeuza fremu moja baada ya nyingine zitazame ukutani. Kisha akaenda kutia udhu.

Kuswali mbele ya picha za viumbe ni jambo ambalo watu wetu hawalitaki, na wengi hawataki hata picha hizo ziwemo nyumbani. Yeye alikuwa kajitengenezea njia yake. Kila adhana zinageuzwa, kila baada ya swala zinarudishwa, na katika mwaka mzima sikumwona akisahau hata mara moja. Tulipomaliza kuswali jioni ile nikaona kitu kilichoniacha nimesimama na mswala mkononi. Fremu zilikuwa na kioo pande zote mbili, na migongo ya picha ilikuwa imejaa maandishi madogomadogo. Zilikuwa kurasa za magazeti ya Paris ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Mbele mchoro, nyuma matangazo na habari. "Njoo usome," akaniambia. Nikamwambia Kifaransa sikijui. "Ndiyo maana nimesema njoo."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza lugha iliyokuja kunilisha. Wenzangu waliokisoma vyuoni walianza na salamu na majina ya matunda. Mimi nilianza na dawa ya kikohozi, korseti za kubana viuno vya mabibi wanene, nyumba ya kupanga yenye zizi la farasi wawili, na mchezo wa kuigiza ulioahirishwa kwa sababu mwimbaji kapoteza sauti. Kila jioni baina ya magharibi na isha tulikaa sakafuni, migongo yetu kwenye sofa la pili, chai ya maziwa na mkate wa ufuta katikati, tukasoma mgongo mmoja. Nilipousoma bila kukwama, ndipo alipoigeuza ile picha na kunieleza upande wa mbele. Mtu asiyejua kusoma mgongo, alisema, hana haki ya kucheka uso. Nilikuwa na hamu ya kucheka, basi nikasoma.

Mpaka leo sijaona kitu kinachonifurahisha kama michoro ile. Bi Thuraya alinieleza kwamba mchoraji huichora kwanza juu ya jiwe, kwa kalamu yenye mafuta, na jiwe likishapakwa wino karatasi hugandamizwa juu yake, na ikibanduliwa mfalme anatoka na tumbo lake. Gazeti likitoka, watu walijazana madirishani kwa wauza magazeti. Walikuwemo wasiojua hata kusoma, lakini tumbo halihitaji kusomwa. Baadhi ya wachoraji hao walitiwa jela, na wakitoka jela wanarudi kwenye jiwe. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu kafungwa kwa ajili ya kuchora tumbo. Nilimuuliza kwa nini hawakuchora maua wakaishi kwa raha. "Uliza vizuri," akanijibu. "Uliza kwa nini mutu mwenye jeshi zima anaogopa mutu mwenye kalamu."

Picha mbili zilikuwa vipenzi vyetu. Ya kwanza ilikuwa ya jenerali kasimama juu ya meza ya chakula, na kitambaa cha meza ni ramani. Anaikata ramani kwa kisu cha mkate, huku mawaziri wamejifunga leso shingoni wakisubiri vipande vyao, na nyuma yao, mlangoni, mwanamke mwembamba anatoka na sufuria tupu bila ya mtu kumwangalia. Ya pili ilikuwa Vita mwenyewe, kachorwa mtu mnene aliyevaa sare, kalala fofofo kwenye kitanda cha watu, na buti zake zimepanda juu ya foronya. Baba, mama na watoto wamesimama kukizunguka kitanda, wameshika mshumaa. Chini maneno machache: mwenye nyumba anamnong'oneza mkewe kwamba huyu bwana alisema anapita tu. Kila nilipoitazama nilicheka. Bi Thuraya alikuwa akicheka kwanza, halafu ananyamaza, halafu anacheka tena. Yeye na mdogo wake waliondoka Bujumbura wakati wa machafuko. Ndugu wengine hawakuwahi kuondoka, na katika vitu vya nyumba yao nzima alichopata kubeba ni fungu lile la karatasi, alilopewa na mwalimu wake wa Kibelgiji. Alinihadithia hayo mara moja tu, akiwa anachambua mchele, wala hakunyanyua kichwa.

Kuna jambo picha zile zilinifanyia ambalo nalisema wazi bila haya. Nilikuwa mwoga wa wakubwa. Mudir wetu, yaani mkurugenzi, akipita ukumbini nilikuwa nasimama na kuangusha vitu. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama na kilemba kilichofungwa kwa ustadi wote, akinena polepole ili watu wapate nafasi ya kuogopa. Siku moja, baada ya miezi kadhaa ya jenerali na mawaziri, aliniita ofisini kunigombeza kwa barua iliyochelewa, nami badala ya kutazama sakafu nikamtazama. Nikaona kidole gumba cha mguu wake kinacheza ndani ya kiatu, juu na chini, kama cha mtoto anayesikilizishwa somo. Alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Barua ile yeye mwenyewe aliisahau kwenye gari lake. Sikumcheka. Nilimhurumia, nikamwambia kwa adabu kwamba nitaiandika upya sasa hivi, na kuanzia siku ile sikumwogopa tena yeye wala mkubwa mwengine yeyote. Nilipomwelezea Bi Thuraya, aliweka kikombe chini na kunishika shavu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata ile kazi.

Kila Ijumaa mchana alikuja kula mdogo wake, Nassor, nami nikimwita Ami Nassor, pamoja na mkewe Moza. Ami alikuwa mtu wa dini kwelikweli, si wa kujionesha, mkarimu, mpole, na kwa kuwa mkewe alikuwa mtu wa Unguja ulimi wake ulikuwa umeshanyooshwa, "iko" zake zote zimekwisha. Alikaa daima mahali pamoja, mgongo wake kwenye picha. Hakuwahi kusema neno baya juu yake, ila hakuzitazama. Bi Moza aliniambia tulipokuwa tunaosha vyombo kwamba mumewe aliweka nadhiri walipofika salama Maskati, kwamba macho yake hayataangalia taswira ya kiumbe kwa hiari mpaka afe. Nilimwona mtu wa ajabu, na nikamheshimu.

Mwisho wa mwaka ule Bi Thuraya alikuwa anastaafu, na fleti ilikuwa ya kurudishwa. Ami Nassor alikuwa kajenga Mabela, wakati huo mchanga mtupu na nyumba chache, na ndani kamjengea dada yake chumba chenye choo chake na dirisha la upande wa upepo. "Njoo na kila kitu, dada," alimwambia Ijumaa moja, baada ya wali na papa. "Kabati, vitabu, mashine yako ya kushonea. Ila zile haziwezi kuingia." Hakugeuka kuzionesha. Bi Thuraya aliendelea kumenya chungwa. "Nimebakiwa na ndugu mmoja," akasema, "na hizo." Basi tangu siku hiyo ikawa sote tunajua, na mimi nilikuwa silali vizuri, kwamba kimoja kati ya viwili hivyo atakipoteza.

Aliyetaka kuokoa jahazi ni Bi Moza, na alifanya kosa ambalo lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Kwake kila chenye uso kilikuwa kimepigwa mstari shingoni: mtoto wa kwenye kopo la maziwa, kuku wa kwenye pakiti ya supu, mpaka mabwana wanaogawana maembe katika vitabu vya hesabu vya watoto. Picha iliyokatwa kichwa haihesabiwi kiumbe hai, ndivyo alivyofundishwa, na mstari wa kalamu ulikuwa unatosha. Ijumaa iliyofuata, sisi tukiwa jikoni tunapakua, aliishusha picha ya jenerali, akaifungua fremu, na kwa kalamu nene nyeusi ya mwanawe akawakata shingo jenerali na baraza zima la mawaziri. Hata yule mwanamke wa sufuria hakupona. Tulipotoka na sinia akaiinua kwa furaha ya kweli. "Wifi, nimekusahilishia. Hii sasa yaweza kuingia. Nipe na zilizobaki, nnazimaliza kabla wali haujapoa."

Sinia nililitua mezani kwa nguvu. Bi Thuraya aliichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Watu walifungwa jela," akasema, "kwa kutamani tu kuwakata hawa. Moza amewamaliza na kalamu ya shule." Bi Moza akacheka naye, kafarijika, akidhani amepongezwa. Halafu Bi Thuraya akaenda msalani, na nikasikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko inavyohitaji udhu. Nilimchukia Bi Moza siku ile, na haikuwa haki, maana alikuwa kafanya kwa mapenzi.

Aliporudi, Ami Nassor alisema kwa upole kwamba basi njia imepatikana: zote zipigwe mstari, zije. Ilikuwa rai ya mtu anayetaka kuwa na dada yake. "Hapana," Bi Thuraya akajibu. "Walinusurika na polisi wa mfalme wao, walinusurika na mimi nikiwa nimewafunga tumboni chini ya kanga, mipaka miwili. Siwezi kuwaleta kufia Mabela." Alisema atapanga chumba mtaa wa Ruwi. Ami alikula kidogo, akaaga, na Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Bi Thuraya alipika kipimo kilekile cha wali kila wiki, na Jumamosi mimi ndiye niliyekula kiporo chake, nikimsikia chumbani akihamisha vitu kutoka sanduku hili kwenda lile.

Siku ya kuhama Ami Nassor alikuja mwenyewe na pikapu, bila kuitwa. Mimi nilikuwa jikoni nafunga vikombe kwa magazeti, na mlango ulikuwa wazi, nikasikia. "Unachagua karatasi unaniacha mimi, Thuraya," akasema. Hakusema dada. "Sichagui," akajibu. "Ninaomba nisichague. Nimeshachagua vya kutosha, na wewe iko unajua." Nikaacha vikombe. Kisha nikasikia hatua zinakwenda kwenye ukuta wa sofa. Nilichungulia. Ami Nassor alikuwa kasimama, uso kaugeuzia pembeni, anazipapasa fremu kwa mikono. Alizishusha moja moja, na kila moja akaikumbatia uso wake ukiwa kwenye kifua, akateremka nayo ngazi mpaka chini, akapanda tena. Hakumwachia mtu yeyote amsaidie. Alipobeba ya mwisho alisema tu, "Chumbani kwako, na zigeuzwe kila adhana." Bi Thuraya alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio na kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Jana nilikwenda Mabela, siku ya pili ya tanzia. Sasa ni nyumba kila upande, na ilinibidi niulize njia. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, juzuu zinasomwa, kahawa inazunguka. Bi Moza, mgongo umepinda, alinikumbatia na kuniambia Ami ananitaka ndani. Nilimkuta chumbani kwa dada yake, kakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda kilichokwisha kutandikwa. Picha zote zilikuwa zimegeukia ukutani. Nilimpa pole, akaipokea, tukakaa.

"Miaka ya mwisho alikuwa hawezi kusimama," akasema. "Nikawa nnazigeuza mimi, kabla ya swala na baada ya swala. Nnafumba macho nnapapasa. Sikuziona hata siku moja, nnakwambia mbele ya Mungu." Nilimwambia naamini. Akautazama mkono wake, akaendelea. "Nikisharudisha na kutoka, nikifika pale mlangoni, nlikuwa nnamsikia anacheka. Peke yake, mtu mgonjwa. Kila siku. Sikumuuliza, nliona nikiuliza itakuwa kama nimetazama." Sauti za wasomaji ziliingia kutoka ukumbini. "Alikuwa anacheka nini, Zakiya?"

Nikainuka nikashika fremu iliyo karibu, naye akanizuia kwa kiganja. "Usinioneshe. Nihadithie."

Nikakaa kitandani kwa Bi Thuraya, nikamhadithia. Nilimwambia kuna kitanda cha watu maskini, na kuna bwana mnene ndani ya sare kalala na buti zake juu ya foronya, na jina lake Vita. Nikamwambia baba, mama na watoto wamesimama na mshumaa kwa sababu hawana pa kulala, na baba anamnong'oneza mama kwamba huyu bwana alisema anapita tu. Ami Nassor aliinamisha kichwa. Nikadhani nimemkosea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, sauti ikamtoka, na ukumbini kisomo kikasita. Bi Moza aliingia mbio na gilasi ya maji, akidhani kilio kimemzidi mumewe, akatukuta tunacheka sote wawili na machozi yanatutoka. Ami alimwashiria aweke gilasi chini.

"Haya," akaniambia, akijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Ya pili yake."